Begi Lililotangulia Siku Nne

Mimi ndiye niliyeuza bima ya kwanza ya magaidi mjini Nakuru, na asiyeamini aje nimwonyeshe vidole vilivyoipiga taipu. Viko hapa, viwili vimeshapinda kwa baridi yabisi, lakini wakati ule vilikuwa vinakimbia juu ya taipureta mpaka bosi anafunga mlango wake kwa sababu ya kelele.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, bado sijaolewa, na nilikuwa na mdomo. Ofisi yetu ilikuwa orofani, juu ya duka la vipuri vya trekta, karibu na stesheni ya reli. Bosi alikuwa mzee wa Kihindi, mfupi, mkali kwa wafanyakazi na mwoga kwa wakubwa. Alikuwa wakala wa kampuni moja ya bima yenye makao Nairobi, na wafanyakazi wake wote tulikuwa mimi. Tulikata bima ya ngano ya Njoro isichomeke, bima ya lori za viazi zinazoshuka kutoka Kuresoi kwenye utelezi, na bima ya vibanda vya kukausha pareto. Siku nyingine, upepo wa mchana ukituletea vumbi la Menengai na harufu ya ziwa kwa pamoja, nilikuwa nasinzia juu ya mashine.

Halafu ikaja ile karatasi ya rangi ya waridi.

Miaka ile ukifungua redio, ndege imetekwa. Ukifunga, ukifungua tena, nyingine imetekwa. Kampuni nayo ikaona hapa kuna biashara, ikatutumia karatasi ya kuongeza kwenye bima ya safari. Niliisoma nikiwa nimesimama, maana baada ya viazi na ngano hii ilikuwa habari ya dunia! Ilisema hivi: ndege ikitekwa, au uwanja wa ndege ukishambuliwa na watu wenye silaha, na safari yako ikafa kwa sababu hiyo, kampuni itakurudishia nauli. Ikiwa ni vita vya nchi na nchi, hulipwi. Ikiwa shambulio limetokea kabla bima yako haijaanza, hulipwi pia. Na bima inaanza siku iliyoandikwa kwenye fomu, mradi siku hiyo msafiri au mizigo yake iwe imeondoka nyumbani kwa ajili ya safari.

Bosi alicheka. "Nani atateka nyara Nakuru? Atateka nini, gunia la viazi?"

"Siyo Nakuru, Bwana," nikamwambia. "Watu wa Nakuru wanapanda ndege siku hizi."

Na nilijua wa kumwuzia.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mjane wa Kihindi, anauza vitambaa na kuishi nyuma ya duka. Alikuwa ananiita dikri, yaani binti kwa lugha yao, na mimi nilimwita Mama. Mtoto wake mmoja tu, msichana, alikuwa ameolewa Uingereza. Huyo binti alikuwa amepoteza mtoto wake wa kwanza wakati wa kujifungua. Alikuwa peke yake hospitalini, mume yuko kazini kiwandani, na mama yake alipata habari kwa barua, wiki mbili baadaye, akiwa anampimia mteja kitambaa cha pazia. Alinihadithia mara nyingi na kila mara alianzia hapo kwenye pazia. Sasa binti alikuwa na mimba tena, imebaki miezi miwili.

"Mara hii hatakuwa peke yake," alisema. "Mimi nitakuwa hapo. Nitashika mkono yake."

Aliuza bangili zake za dhahabu, zote, akanunua tikiti ya bei nafuu, ile ya kusafiri na kikundi, ambayo ukishalipa hairudishwi hata ufe. Nikaenda dukani kwake Jumatatu na fomu yangu na karatasi yangu ya waridi. Nilimweleza kwa haraka hadi nikakosa pumzi. Akasikiliza, akasema sawa, andika.

"Safari inaanza lini, Mama?"

"Kesho. Jumanne."

Nikatazama tikiti. "Lakini hapa ndege inaondoka Jumamosi."

"Ndege ndiyo Jumamosi. Safari ni kesho."

Akanifafanulia taratibu. Kalenda ya kuhani wao ilisema Jumamosi ni siku mbaya ya kuelekea upande wa Nairobi. Jumanne ni nzuri. Sasa wao wakikwama hivyo hawahangaiki. Siku ile nzuri ikifika, wanatoa begi moja nyumbani na kulipeleka kwa mtu mwingine. Begi likishavuka mlango, safari imeshaanza, na mwenyewe atafuata baadaye siku yoyote, hata iwe mbaya namna gani. Ila sharti moja: begi likishatoka halirudi. Likirudi ndani ya nyumba, safari imeharibika.

Nilifurahi sana kusikia hivyo. Wazee wangu mimi wana mambo yao mengi lakini hili la kutanguliza begi sikuwa nimelisikia popote. Nikaandika Jumanne. Sikufikiri mara mbili wala sikumwuliza bosi. Anayesafiri ndiye aliyeniambia safari yake inaanza lini, mimi ni nani nimbishie?

Jumanne saa ya chakula cha mchana akaniita. Kumbe kulikuwa na shida nyingine. Kwao mjane akitangulia mbele ya safari ni nuksi, hata kama safari ni yake mwenyewe! Begi lilitakiwa kutolewa na msichana asiyeolewa.

"Nuksi gani?" nikawaka. "Mama, wewe ndiye unauza vitu vyako, wewe ndiye unasafiri, halafu wewe ndiye nuksi?"

Akacheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya sari. "Beba tu, dikri. Kasirika ukiwa umebeba."

Basi nikabeba. Haki ya Mungu, lile begi lilikuwa zito! Ndani kulikuwa na sweta kumi za mtoto alizozifuma, miwani yake ya kusomea, shali yake nzito, nazi moja ya baraka, na mkebe mkubwa wa vitamutamu vya samli kwa ajili ya binti. Nikatoka kwa mlango wa nyuma bila kugeuka, nikavuka ua, nikaingia kwa jirani yake.

Jirani alikuwa bibi wa Kiislamu ambaye wazee wake walipanda kutoka Pwani wakifuata reli. Alikuwa akipika mahamri na kuyauza, na Kiswahili chake kilitutia aibu sisi wote wa bara. "Liweke hapo juu ya kigoda, mwanangu," akasema. "Siku nne tu, halitanila."

Alhamisi, saa saba mchana, bosi akafungua redio kusikiliza habari. Watu wenye bunduki walikuwa wameshambulia uwanja mmoja wa ndege huko Ulaya, ule ule ambapo kikundi cha Mama kingebadilisha ndege. Uwanja umefungwa. Sikumngoja msomaji amalize. Nilishuka ngazi mbilimbili, nikavuka barabara, baiskeli ikapiga kengele karibu initie mtaroni, nikamkuta Mama amesimama nyuma ya meza na redio yake ndogo, mkasi mkononi, hajakata kitu.

Ijumaa watu wa kikundi walipiga simu kutoka Nairobi. Safari imefutwa, nauli hairudishwi, pole sana.

"Pole yao waiweke kwenye chai!" nikasema. "Mama, una bima!"

Nilikuwa nimechangamka, siwezi kudanganya. Mtu anaweza kusema ni aibu kufurahi watu wameshambuliwa huko, na ni kweli, niliwasikitikia. Lakini mimi niliona jambo moja tu: karatasi yangu ya waridi itamfikisha huyu mama kwa mtoto wake. Nikapiga taipu ya madai siku hiyo hiyo.

Bosi akaisoma, akaikubali kwa kichwa, kisha akatoa fomu ya kwanza kwenye faili. Nikamwona anabadilika rangi.

"Jumanne? Kwa nini umeandika Jumanne? Ndege ni Jumamosi!"

Nikamweleza. Yeye mwenyewe ni Mhindi, aliijua mila hiyo tangu yuko mgongoni. Akajishika kichwa. "Mimi najua! Nairobi watajua? Wataona tarehe imerudishwa nyuma ili shambulio liingie ndani ya bima. Wataona wizi!"

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa ile Jumanne. Ningeandika Jumamosi, shambulio la Alhamisi lingekuwa kabla ya bima, na Mama asingepata hata shilingi. Kwa sababu niliandika Jumanne, madai yalikuwa hai. Lakini yalikuwa hai kwa namna inayonuka.

Nairobi wakajibu baada ya wiki tatu. Watamtuma mkaguzi. Lini? Akipata nafasi.

Ngai! Siku zile nilihesabu kalenda kana kwamba mimba ni yangu. Miezi miwili ikawa wiki tano, ikawa nne. Julai ikatuingia na baridi yake. Shali ya Mama iko kwenye begi, miwani yake iko kwenye begi, na begi liko kwa jirani, hatua ishirini kutoka kitandani kwake, na hataki kuligusa. Alitetemeka dukani amevaa koti la marehemu mume wake. Bila miwani alikuwa anapima vitambaa kwa kupapasa, na mji mzima ukajua kwamba ukinunua yadi tatu kwake unaondoka na tatu na nusu.

"Toa shali peke yake, Mama," nikamsihi. "Begi libaki."

"Kila kitu kimetoka pamoja. Safari haijakatika, imesimama tu."

Bosi naye aliogopa kunyang'anywa uwakala. Mwaka ule tayari ngano ya watu wawili ilikuwa imechomeka na kampuni ilikuwa inamwandikia barua za ukali. Asubuhi moja akaniita, akaniambia nikae, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanisukumia karatasi tupu.

"Andika kwamba ulikosea tarehe. Taipisti kukosea ni jambo la kawaida. Mimi nitabaki safi, wewe nitakukaripia kidogo, imekwisha."

"Na Mama?"

Akatazama dirishani, upande wa pili wa barabara, halafu akaacha kutazama.

"Sikukosea," nikasema.

"Utaandika au utaondoka."

"Basi nitaondoka. Lakini nitaondoka nikishazungumza na mkaguzi!" Nikarudisha karatasi ile mezani kwake kwa kishindo, kidau cha wino kikaruka. Mshahara wangu ulikuwa unasomesha wadogo zangu wawili, na mama yangu kule Kuresoi alikuwa anangoja nimpelekee mbegu za viazi. Hakunifukuza siku ile. Aliacha tu kuzungumza nami, akawa ananiandikia kazi kwenye vikaratasi.

Mkaguzi alikuja zikiwa zimebaki siku kumi na nane. Alikuwa Mwafrika, mrefu, suti ya kijivu, kiatu kinachong'aa, na sauti ya mwalimu wa hesabu. Hakunywa chai yetu. "Nipelekeni kwenye hilo begi," akasema, na sisi watatu, yeye, bosi na mimi, tukashuka. Mama akafunga duka akatufuata.

Yule bibi jirani alitufungulia mlango mikono ikiwa na unga. Begi lilikuwa pale pale. Kigoda kilikuwa kimesimama ndani ya mikebe minne ya maji, kila mguu mkebe wake.

"Hii ni nini?" mkaguzi akauliza.

"Ni siafu na sisimizi, baba!" bibi akapaaza sauti. "Huyu jirani yangu ameniwekea begi la vitamutamu siku nne, zimekuwa wiki sita! Siku ya tatu tu sisimizi wameshapanga foleni kama wanakwenda kupiga kura. Nikakitia kigoda kwenye maji. Kila asubuhi naongeza maji, kila asubuhi namwambia, jirani, nihurumie, chukua mzigo wako. Hataki! Sasa njoo ulichukue wewe, Mungu akubariki."

Mkaguzi akachuchumaa na suti yake. Akainua mguu mmoja wa kigoda, akasogeza mkebe. Chini yake, kwenye sakafu ya saruji, kulikuwa na duara la kutu, jekundu, limekula ndani kabisa. Akalisugua kwa kidole, halikutoka. Akasogeza wa pili. Duara jingine. Nikainama nami, nikaona anachokiona: kutu kama hiyo haiwekwi kwa usiku mmoja.

Akasimama. "Nitalibeba mpaka ofisini nilifungue mbele ya mashahidi."

Ofisi ilikuwa ng'ambo ya barabara, na njia fupi ilipita nyumbani kwa Mama. Mama akaenda akasimama mlangoni pa bibi, mikono imeshika miimo.

"Nyuma haiendi," akasema. "Mbele, peleka. Mpaka Nairobi, peleka. Kwangu haipiti."

"Mama, ni ukaguzi tu."

"Bwana, mtoto yangu iko peke yake huko."

Mkaguzi akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akafungua begi pale pale juu ya kigoda. Harufu ya samli iliyochacha ikatupiga sote. Akatoa sweta moja moja, zile za vidole vinne vya upana, akaziweka juu ya kitanda cha bibi. Shali. Miwani. Mama akatazama miwani yake bila kuinyooshea mkono.

Mkaguzi akanigeukia. "Wewe ndiye uliyejaza fomu?"

"Ndiyo, bwana."

"Hao walioshambulia. Kampuni inauliza kama ni vita. Kama ni vita hatulipi. Wewe unasemaje?"

"Karatasi inasema watu wenye silaha," nikajibu. "Haikuuliza wanapigania nini. Mimi baba yangu aliitwa gaidi na serikali ya wakoloni nikiwa sijaota meno, leo analima viazi na wanamwita mwananchi. Sijui hao wa Ulaya wataitwa nani kesho. Ninachojua ni kwamba walikuwa na bunduki na uwanja ulifungwa."

Nilidhani nimeharibu. Mkaguzi alikohoa kwenye ngumi yake, na mpaka leo naamini alikuwa anaficha kicheko.

"Na hii Jumanne. Ulikosea?"

Bosi alikuwa amesimama kando ya jiko la mahamri, macho chini. Nilijua anachoomba moyoni. Nilijua pia kwamba neno moja dogo lingeniachia kazi yangu.

"Sikukosea. Begi lilitoka nyumbani kwake Jumanne saa saba na robo mchana. Nililibeba mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Na bosi wangu anaijua hiyo mila kuliko mimi. Mwulize."

Lo! Nilimtupia bila kupanga. Bosi akainua uso. Akamtazama Mama mlangoni na koti lile la mumewe lililomshuka mpaka magotini. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kumsikia nayo, "Ni kweli. Mimi pia nilipotoka Gujarat, begi langu lilitangulia wiki nzima. Kwetu ikitoka begi, umetoka wewe. Msichana aliandika sawa."

Mkaguzi akaandika, akaandika, akafunga daftari. Ndipo akaomba chai. Bibi akampa na mahamri, akala manne, akavaa koti, akaenda zake bila kutuambia ndiyo wala hapana.

Tulingoja siku nane. Ya tisa ikaja bahasha. Niliipasua kwa meno. Wamelipa! Nauli yote! Nilipiga kelele mpaka watu wa vipuri wakapanda juu wakidhani kuna moto. Jumamosi ya wiki ile Mama alipata nafasi katika ndege nyingine, inayopitia mji mwingine. Sikumwuliza kalenda ya kuhani inasema nini. Asubuhi nilikwenda kwa bibi nimbebee Mama begi, nikakuta ameshalishika mwenyewe, miwani usoni, shali mabegani.

"Na nuksi?" nikamwuliza.

"Safari ilishaanza zamani, dikri. Sasa nachelewa tu." Akapita mbele yetu sote akitembea mbio.

Zilikuwa zimebaki siku saba kwa hesabu za daktari, na watoto hawasomi hesabu za daktari. Jumapili sikula. Jumatatu nilikosea barua tatu mfululizo. Jumanne, karibu saa nne, mtu wa posta akaleta telegramu ofisini kwetu, kwa maana Mama hakuwa na mwingine wa kumwandikia mjini.

Bosi alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa bado haniongeleshi isipokuwa kwa vikaratasi. Nikafungua, nikasoma kwa sauti: "Nimefika. Mtoto bado."

Akaweka kikombe chini. "Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Tena."